Ndoo ya Tatu Kutoka Kushoto

Nina mashine moja ya fotokopi, Ngamiani, Barabara ya Kumi na Mbili,
na kila Ijumaa Sempombe alikuja na karatasi iliyokunjwa mara moja tu,
akiikinga na jasho lake kama cheti cha ndoa.
"Nakala thelathini. Na wino usinibanie."

Iliyovuma kwanza ni ile ya tumbo.
Diwani wetu, mheshimiwa Mdachi:
tumbo limekwisha ingia sebuleni, mwenyewe bado yuko uani,
kitovuni bomba, kwenye bomba koki,
kwenye koki kufuli.
Mtaa ulicheka. Kinyozi Chande aliibandika juu ya kioo,
mteja anatikisika, wembe unasubiri.
Nikacheka nami, nikatoa mia zaidi, nikala faida.

Jumatatu diwani akaja, kwa miguu,
akakalia kiti hiki hiki chenye tofali badala ya mguu.
Nikasema moyoni: leo mashine inakwenda.
"Iko wapi ile halisi? Nainunua."
Akacheka mpaka tumbo likaitikia
(lile lile, Sempombe hakulikosea hata kidogo),
akahesabu elfu hamsini,
akaitia fremu ya nakshi, akaitundika ofisini,
wageni waone kiongozi anavyojua utani.

Maji yakaendelea kutoka saa nane za usiku,
yakitoka.

Usingizi ukanipaa.
Dhihaka ikimnenepesha anayedhihakiwa,
ni dhihaka hiyo, au ni mchuzi?

Mwalimu Hiza, anayefundisha kuchora sekondari,
alileta mtihani wa kidato cha pili, akanihurumia.
"Katuni si sanaa, bwana. Sanaa hudumu.
Hiyo kesho inafungiwa karanga."
Nikamwuliza: na chungu chako kile na maua,
kimening'inia benki miaka ishirini,
nani amewahi kusimama mbele yake
isipokuwa foleni ikikwama?
Akalipa, akasahau chenji.
Lakini neno lake lilinibaki kooni kama mwiba wa changu.

Kisha Sempombe akaleta karatasi isiyo na tumbo.
Haina diwani. Haina neno kinywani mwa mtu.
Ndoo tu, kumi na moja, kabla ya alfajiri,
wenyewe wamelala, wameacha vitu vishike nafasi:
jiwe, kandambili moja, kipande cha kanga.
Ya tatu kutoka kushoto mkono wake umekatika,
umeungwa kwa kamba ya mkonge.
Na mwisho wa foleni, penye kustahili koki,
msumari mtupu ukutani,
wa kutundikia picha.

"Hii haichekeshi," nikamwambia.
"Najua. Toa kumi tu."

Kwa Chande wembe haukusubiri mtu.
Watu waliisogelea, wakarudi kukaa.
Bi Mwanakombo wa vitumbua alikuja na kadi ya kliniki ya mjukuu,
akaiona hapa ukutani kwangu,
akaweka kidole chenye unga juu ya ndoo ya tatu.
"Fundo hili nimelifunga mimi."
Akanyamaza kidogo.
"Kumbe kuna mtu aliniona."
Hakusema imechorwa vizuri.

Diwani hakuja kununua.
Gari lake lilipunguza mwendo pale kwa Chande, likaongeza,
na kesho yake kijana akaja kuuliza
kama mashine yangu ina leseni.

Sempombe mwenyewe anashikilia kuwa ile ya tumbo ndiyo bora,
kwamba siku ile mkono ulikuwa mwepesi.
Sibishani naye. Lile tumbo ni mstari mmoja, pumzi moja,
na nikilikumbuka bado nacheka, peke yangu, kama mwehu.
Labda nilidai kicheko kifungue kufuli.
Labda hata ndoo haijafungua kitu:
jana tumeamka saa nane, kama kawaida.

Ila juzi nilinunua karanga stendi,
na koni ilikuwa nakala yangu, naujua wino wangu.
Nikaikunjua polepole, karanga zikamwagika mapajani.
Mafuta yalikuwa yamelowa ndoo ya tatu,
karatasi imekuwa angavu pale pale,
nikaiinua kwenye jua,
ikang'aa
kana kwamba ina maji.